Mshono wa Cherehani

Jumatano, 10 Julai
Tumefika ngomeni kwenye maigizo ya vita vya kale. Hema limesimama, mvua nayo haijasimama. Binti yangu Dobrawa anacheka na wenzake utadhani anakwenda harusini — kumbe Jumamosi anakwenda kupigwa mapanga! Daktari alisema kichwa kisigongwe mpaka Oktoba. Nimemkumbusha. Eti, "Mama, mapanga yenyewe butu." Butu! Hata lile la mwaka jana lilikuwa butu, na siku mbili mwanangu hakulijua jina langu.

Alhamisi, 11 Julai
Nimefanya jambo. Naliandika hapa maana sina wa kumwambia.
Kofia yake ya pamba, ile ya kuvaa chini ya kofia ya chuma, nilimshonea mpya nyumbani. Kwa cherehani. Makusudi! Kila mtu hapa anajua: mshono wa mashine ukionekana, huingii uwanjani. Zama za wapiganaji wale cherehani ilikuwa wapi? Kesho Bwana Wincenty anakagua mavazi. Ana kioo cha kukuzia na hana huruma — mwaka jana alimrudisha aliyeigiza askofu kwa sababu ya zipu. Mungu nisamehe. Ila aone. Aone tu!

Ijumaa, 12 Julai
Ameona. Kaigeuza nje ndani, akauliza fundi nani. Nikasema mimi. "Mama, umenyoosha mno. Malkia mwenyewe hakushonewa hivi!" Akaikataa. Watu wakacheka. Dobrawa hakucheka. Alinitazama mimi, si kofia. Miaka kumi na mmoja nawashonea hawa kwa mkono. Anajua siwezi kukosea vile.
Nikamkaangia chapati za viazi na krimu. Hakugusa.
Baadaye akaja na kofia nyingine, ameazimwa na rafiki yake Kinga. Imeshonwa kwa mkono, imepita. Lakini pana! Inamcheza kichwani. Pamba yote imelala. Ile yangu, pamoja na hila yangu yote, niliijaza nene vidole viwili — mkono ulijaza wenyewe.
Nimemwomba niipunguze. "Hapana, Mama. Sindano yako siiamini tena." Akatoka.
Nimefanya nini mimi?

Jumamosi, 13 Julai, mchana
Naandika nyuma ya kamba, pamoja na watazamaji, mikono ipate kazi.
Asubuhi alikuja nimfunge kamba za mabega. Halafu: "Nikifa leo nitakutikisia kiatu cha kushoto, ujue ni mzima. Usianze kelele zako mbele ya wageni." Ndivyo ilivyo hapa. Aliyepigwa analala, haamki mpaka tarumbeta ilie. Mzima na aliyeumia wanalala sawasawa.
Nikamwambia sawa. Nikataka kuungama na lile la cherehani. Nikakaza fundo la mwisho.

Amepigwa. Ameanguka karibu na bendera nyekundu, kifudifudi. Kofia ya chuma imekaa upande.
Wageni wanapiga makofi.
Kiatu hakijatikisika.
Labda ananikomoa. Kwa ile kofia. Ee Mungu, awe ananikomoa!
Nimemwita Bwana Wincenty, yuko hapa kwenye kamba. Anasema nivute subira, tarumbeta inakuja, nisiwaharibie vita. "Binti yako anajua kufa vizuri, mama, mwache!"
Tarumbeta.
Wanaamka. Wanacheka, wanajipangusa nyasi. Mmoja anaokota ngao. Kinga ameamka, anaita — anamwita Dobrawa wangu. Sasa amepiga magoti kando yake.
Navuka kamba