Kona ya Bibi

Jumatatu, 1 Julai 1974

Maji mara mbili. Kuni. Nimesaga ulezi mpaka mikono ikafa ganzi. Upepo wa leo unakata masikio.

Likizo inasonga na sijaandika hata mstari wa kazi ya mwalimu wa jiografia. Njia na historia ya barabara ya Sumbawanga mpaka Tunduma, kurasa mbili, kwa Kiingereza. Tuwaulize wazee. Mimi kuuliza watu siwezi. Hata darasani nikiitwa jina tu najifanya natafuta kalamu.

Mzee niliye naye ni Bibi, mama yake baba, ambaye kwa utani huniita mke mwenzangu. Baba na mama wako Mpanda kazini. Bibi husema Kifipa. Kiswahili anajua maneno ya kuhesabu kwa vidole: chumvi, kodi, karani, barabara. Nitamwuliza kesho. Mgongo unauma.

Jumatano, 3 Julai

Jana sikumwuliza. Leo nimemwuliza tukichambua maharage, kwa hiyo hatukutazamana.

Anasema mwanzoni kulikuwa na njia ya miguu tu, watu mmoja nyuma ya mwenzake, chumvi na majembe kichwani. Halafu ikaja kodi ya kichwa. Asiyekuwa nayo alipelekwa kuchimba barabara. Babu hakuwa nayo. Neno lenyewe, barabara, Bibi alilijua siku hizo akimpelekea chakula.

Msimamizi alikuwa mzungu. Alipigilia vigingi vimenyooka kama uzi, vikapita juu ya kaburi la mtoto wao wa kwanza. Babu akaendelea kuchimba. Jumapili mzungu akaenda kuwinda. Babu na wenzake wakang'oa vigingi, wakavipigilia upya kwa kuzunguka. Mzungu aliporudi alisimama, akatazama, akawasha kiko, akasema chimbeni. Labda hakuona. Labda alikuwa amechoka.

Ndiyo maana barabara inapinda mbele ya nyumba yetu. Miaka yote hii nilidhani ni kwa sababu ya kilima.

Kwa Kiingereza nimeandika sentensi moja tu, kwamba hapa barabara inapinda. Iliyobaki haikukubali kutoka.

Ijumaa, 5 Julai

Mkutano tangu asubuhi, jua kali, upepo baridi. Watu wote wa vitongoji kuhamia kijiji kipya kabla ya mvua. Ni maili nne kutoka hapa, kando ya barabara hii hii. Nyumba mistari miwili, shule, zahanati, bomba la maji. Ambaye nyumba yake tayari iko barabarani anaweza kuomba abaki. Karani atapita nyumba kwa nyumba kuandika.

Bibi amerudi anatembea kama msichana. Anasema sisi tulikuwa barabarani kabla hiyo barabara haijaja.

Daftari hili halina mdomo, basi niseme. Nilisikia neno bomba na sikusikia tena lingine. Kisimani ni kushuka na kupanda. Nimechoka na ndoo. Nataka kuhama.

Jumanne, 9 Julai

Nimefanya jambo baya. Sikulifanya, niliacha tu lifanyike.

Karani alikuja na daftari kubwa, kijana wa pwani, viatu vyeupe kwa vumbi, ametembea tangu alfajiri. Nyuma yake majirani wamejaa mlangoni. Akanipa kazi ya kutafsiri. Akasoma maneno marefu, kisha akasema, "Mwulize, ameelewa? Anakubali kuhama?"

Kabla sijafungua mdomo Bibi alinyoosha kidole mlangoni. "Barabara," akasema.

Alikuwa anamwonyesha. Barabara ile pale, mimi niko barabarani, niandike nibaki. Karani akacheka mpaka akafuta macho. "Barabara kabisa! Mmemsikia? Ninyi vijana mnanisumbua, bibi huyu neno moja tu." Akaandika. Akamshika Bibi kidole gumba, wino, karatasi. Bibi naye anacheka, anadhani wameelewana.

Watu wote walikuwa wananitazama. Nikatazama wino wa kidole chake. Lakini si aibu tu. Nililiona bomba.

Ijumaa, 12 Julai

Lori la Abdalla limesimama kupoza injini. Abdalla ni dereva, baba yake ana duka mjini Sumbawanga. Kila safari ya Tunduma lazima atukane kona yetu. Leo alikuwa na furaha.

"Mwanafunzi, tumepona. Kona ya Bibi inakatwa. Watu wakishahama hapa, greda linanyoosha moja kwa moja."

Nikamwuliza moja kwa moja wapi. Akaonyesha kwa mkono. Mkono ulipita juu ya mawe ya kaburi. Yeye anadhani ni mawe tu.

Jioni mjumbe akaleta orodha ya wanaohama. Bibi yumo. Akaniambia, kwa Kifipa, polepole: wamekosea. Nenda ukawaambie, mke mwenzangu, wewe si umesoma lugha mbili?

Sikula.

Jumapili, 14 Julai

Kanisani sikupokea komunyo. Bibi aliona. Njiani nikamwambia yote, la barabara, la bomba, na la greda. Kwa Kifipa hakuna njia ya kulisema likapungua.

Hakunigombeza. Alitembea mbele mpaka nyumbani. Kisimani leo amekwenda yeye.

Jumatatu, 15 Julai

Nimepanda lori la Abdalla mpaka mjini. Tukikaribia Sumbawanga nikamweleza la kaburi, maana ilibidi nijizoeze kwa mtu. Akapunguza mwendo. "Miaka sita naitukana hiyo kona," akasema. "Ungesema."

Ndiyo. Ningesema.

Ofisini nilisimama mlangoni mpaka wakadhani naleta chai. Karani alinikumbuka. Nilimweleza neno barabara, kwamba Bibi analijua kwa maana moja tu, ya kupita magari. Akaacha kutabasamu.

"Na wewe mtafsiri ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Mbona hukusema?"

Nikasema nilitaka bomba. Mtu wa meza ya pili akacheka. Karani hakucheka. Akasema orodha ilikwishakwenda juu, haishuki, Bibi atahama. La kaburi hawezi kuahidi, ila ataandika barua kwa wapimaji. Aliiandika mbele yangu. Alipofika jina la mtoto akauliza. Silijui. Sikuwahi kuuliza.

Alhamisi, 18 Julai

Bibi anafunga vitu. Vyungu, nyungo, jembe la Babu. Haongei nami ila la lazima. Nilimwuliza jina la mtoto. Alimaliza kufunga nyungo kisha akanitajia. Sitaliandika hapa. Nimekwenda kwa mguu kumpelekea karani. Miguu imevimba.

Jumamosi, 27 Julai

Tumehama. Lori la Abdalla, safari moja ilitosha. Hakutaka kitu.

Tulipokuwa tunapakia, wapimaji walifika na vigingi. Mkubwa wao alikuwa na barua mkononi. Akamwuliza Bibi kaburi liko wapi. Bibi hakujibu Kiswahili hata neno. Alisimama kwenye mawe akasema kwa Kifipa, muda mrefu: kodi, sepetu, Jumapili ya Babu, mtoto, jina lake. Mwisho akasema na mjukuu wangu huyu alinyamaza. Akanigeukia.

Nilitafsiri yote. Hata la mwisho.

Mpimaji alivua kofia. Alitazama kona, akatazama mstari wake. Akasema kunyoosha hapa kungewapunguzia kazi. Halafu akawaambia vijana wake wazungushe. Nilihesabu vigingi mpaka cha mwisho. Vyote vimepita kando.

Bibi hakusema asante. Alipanda lori, akakaa mbele na Abdalla. Mimi nyuma na nyungo.

Jumapili, 4 Agosti

Bomba lipo. Limesimama katikati ya kijiji, limepakwa rangi. Maji bado. Mto uko mbali kuliko kisima chetu. Nimekwenda mara mbili.

Nyumba haijakandikwa vizuri, upepo unaingia. Kazi ya mwalimu nimeimaliza jana. Kurasa mbili na nusu. Kona imechukua ukurasa mzima.

Mchana mama wa nyumba ya jirani alikuja kutusalimu. Ametoka Pito, kwa Wafipa wenzetu, ameolewa huku, Kifipa anakijua vizuri sana. Lakini alisema Kiswahili, kwa kuwa kijiji ni kipya na kila mtu anajifanya mtu wa mji. "Bibi, umepaonaje huku?"

Bibi alikuwa anapepeta ulezi. Hakuinua kichwa.

"Mke mwenzangu," akaniita. Mara ya kwanza tangu siku ile ya kanisani. Angeweza kumjibu mwenyewe kwa Kifipa. "Mjibu."

Nikamjibu kwamba hapajampendeza.

Bibi akaendelea kupepeta.