Mkojo Wenye Kiburi

Jumatatu, 3 Machi

Nyuma ya migomba tena. Mbuzi alikuja, akakojoa, akaondoka. Mimi bado. Mkojo unatoka kama uzi, unagawanyika, upande mmoja unaenda kwenye majani, mwingine kwenye kiatu. Unasimama. Unawaza. Unaanza tena. Nikishafunga suruali, matone ya mwisho njo yanakumbuka safari.

Nimegundua kwamba mwanaume mzima hasikilizi mkojo wake. Mimi siku hizi sina kazi nyingine.

Vidonge vya rangi mbili vimekwisha. Kambale anaviuza dukani kwake, kati ya sabuni na chumvi. Karatasi yao ya maelezo, kwa Kifaransa, nimeisoma mpaka chini. Haisemi kitu juu ya mkojo wenye kiburi.

Jumamosi, 8 Machi

Salongo, kazi ya pamoja ya barabara, kijiji kizima na majembe. Baada ya kazi, kasiksi. Nilikataa. Pombe ya ndizi inaingia upesi na haina haraka ya kutoka.

“Papa Neema, umeokoka?” Kambale akapaza sauti.

“Niko na kiu ya maji tu.”

“Njo vile wanaanzaka! Kwanza maji, kisha Biblia, kisha anatukatalia hata kucheka!”

Hapa Muheto mwanaume akiacha kasiksi sababu ni mbili: Mungu ao sumu. Wamenichagulia Mungu. Nashukuru. Jioni kikundi cha maombi kilinitumia habari: kesho nitoe ushuhuda.

Jumapili, 9 Machi

Nilisimama mbele, nikafungua mdomo, mkojo ukaniita. Nikatoka mbio. Ndani wakapiga vigelegele: Roho amemshika! Nyuma ya kanisa Roho alitoa matone machache.

Mama Neema, bibi yangu wa ndoa, hakupiga kigelegele. Aliniangalia tu.

Jumanne, 11 Machi

Tunalala kama magunia mawili ndani ya lori. Karibu, lakini kila moja limefungwa kivyake. Mimi njo ninamkwepa. Niandike mara moja, basi: mbegu haitoki sawa. Inabaki ndani, inaunguza, inatoka baadaye bila nguvu, kama mtu aliyefukuzwa. Naogopa hiyo kuliko bunduki, na bunduki tunazijua.

Leo bibi ya Kambale alimwambia Mama Neema ni vidonge gani ninavyonunua. Akanijia:

“Hiyo iko dawa ya sopisi. Bibi gani?”

Sopisi ni kisonono, ugonjwa wa kitanda. Nikasema hakuna bibi.

“Basi uliitoa ku migomba.”

Jibu lake lilikuwa zuri kuliko langu.

Ijumaa, 14 Machi

Kituo cha afya. Munganga aliniuliza mambo yangu yote mbele ya mama wenye watoto mgongoni. Hakunipima. Aliandika vidonge vilevile. “Lete na mama. Sopisi haitibiwake muntu mumoja.” Hapo ana haki. Ukitibu mmoja, mwingine anamrudishia.

Lakini Mama Neema alisema: “Siwezi kumeza zambi yako na maji.” Amefunga nguo zake ndani ya kitenge. Jumatano lori la soko linashuka, atakwenda nalo kwa kaka zake, Bweremana.

Nina hasira. Nimekuwa mwaminifu miaka yote, kwa mapendo, na kidogo kwa uvivu. Sasa nionyeshe nini? Jambo ambalo halikutendeka halina shahidi.

Alhamisi, 20 Machi

Lopitali kubwa. Jana alfajiri mkojo ulikataa kabisa. Tumbo la chini likawa ngoma. Nililia, sifichi. Mama Neema alikuwa tayari ameshika furushi lake akingoja lori. Akasimamisha moto, pikipiki ya abiria, badala yake. Mimi katikati, dereva mbele, yeye nyuma amenibana na furushi. Kila shimo la barabara nilimwita mama yangu, marehemu.

Daktari ni mwanamke, kijana kuliko Neema wetu. Nilitaka kufa. Hakunipa ruhusa. Mpira wa kutoa mkojo haukupita njia ya kawaida, ukagonga ukuta. Wakatoboa juu ya kinena, wakaupitishia hapo. Mkojo ukajaza chombo. Sijawahi kufurahi hivyo, hata siku ya ndoa. Nisimwambie Mama Neema.

Kisha daktari akauliza jambo ambalo hakuna mtu aliwahi kuniuliza.

“Papa, haukuangukaka ku kitu, katikati ya miguu? Hata zamani?”

Nikasema hapana. Bibi yangu akasema:

“Chukudu!”

Nilikuwa nimesahau. Neema alikuwa bado ananyonya. Nilikuwa nateremsha viazi kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao. Breki ikateleza, nikaangukia ule ubao, miguu huku na huku.

“Alikojoaka damu, dokta. Tukamuwekea majani ya moto. Na mimi nilichekaka, juu alikuwa anatembea sawa bata.”

Daktari hakucheka. Alisema njia ya mkojo ilipondeka siku ile, kovu likakua polepole na kuibana. Vipimo vinaonyesha hakuna sopisi.

Mama Neema akafungua furushi, akatoa kitenge, akanifunika miguu.

Jumapili, 18 Mei

Nilirudi nyumbani na mpira tumboni, nikangoja jeraha litulie, nikarudi lopitali. Wiki hii wamenipasua. Wamekata sehemu yenye kovu, wameunganisha pande mbili kama fundi wa bomba. Kabla ya hapo nilimuuliza daktari juu ya uanaume. Alijibu bila kuangalia pembeni: mara nyingi unabaki, kwa wengine unalegea muda kisha unarudi. Kuapa, hakuapa. Nimemheshimu kwa hilo.

Kitanda cha pili kuna mchimba madini kutoka upande wa Itebero, Walikale. Ugonjwa wake ni kama wangu, lakini wake umetokana na sopisi yenyewe, aliyoinyamazisha na vidonge vya soko. Daktari amemwambia amlete bibi yake apimwe na kutibiwa. Bibi yuko njiani, kwa miguu, porini.

Leo akanisogelea, mpira mkononi.

“Papa, uniazime ile chukudu yako.”

“Iko Muheto.”

“Hapana. Ile ya kuanguka. Niseme na mimi nilianguka.”

Nilicheka mpaka nyuzi zikavuta. Kisha nikaona hacheki.

Niliwaza. Kwa chukudu yangu watu wananionea huruma. Kwake wanageuza uso. Kovu ni lilelile, maumivu ni yaleyale. Nimekuwa nikijivunia usafi wangu hapa kitandani kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Si kizuri. Lakini nikimwazima, mama wa watu atarudi porini na ugonjwa tumboni.

“Chukudu yangu haibebake wawili, kaka. Umuambie.”

Jumanne, 20 Mei

Bibi ya mchimba madini amefika. Mumewe alimwambia nje, karibu na kamba ya nguo. Nilitazama dirishani, mazoea yangu mabaya. Bibi akampiga kofi moja. Akalia. Akauliza dawa inatolewa wapi.

Alhamisi, 5 Juni

Wametoa mipira. Nikaambiwa nijaribu. Nilisimama chooni nimefunga macho. Ukatoka wote pamoja, mnene, na kelele. Nikaita. Mama Neema akaingia, mlinzi akilalamika kwamba huo ni upande wa wanaume. Akasikiliza mpaka mwisho.

“Sawa mvua ku mabati,” akasema.

Daktari ameonya: kovu linaweza kurudi, nije kupimwa. Na tusilale pamoja kwanza. Ametaja wiki sita. Mama Neema alikuwa anaangalia sakafu.

Jumamosi, 28 Juni

Nyumbani. Ukungu asubuhi, jua kidogo mchana. Nilivuna maharagwe nusu mstari, nikapumzika.

Mama Neema alikaa mlangoni na ungo. Bila kuinua kichwa aliuliza zile wiki za daktari, tumefika ya ngapi.

Nikamwambia ya nne.

Akahesabu zilizobaki kwa vidole, akaendelea kuchambua.