Mashine ya Kuoshea Vyombo na Manjano ya Bibi

Chang'ombe, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa

Mke wangu Otilia,

Nakusalimu wewe kabla ya wote, maana barua ni yako. Kisha namsalimu kaka yako Kasto, anayekusomea. Shemeji, soma polepole, na ukifika mahali pa mume na mke usijikohoze. Mimi ni mzima. Homa imeniacha, kikohozi ndicho kinachojivuta. Mguu wa mama unaendeleaje? Na mwanetu Benedikto ameacha kula udongo? Niambieni ukweli, msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Katika barua yako umeuliza jambo moja tu: uje huku na mtoto, au usije. Umeliuliza mwanzo na ukaliuliza tena mwisho, kwa hiyo najua umechoka kungoja. Nitakujibu humu humu. Lakini kwanza lazima nikueleze yaliyotokea, kwa sababu kile chumba cha uani nilichokuahidi ni cha mtu mwenye kazi katika nyumba hii ya Bwana, mwajiri wangu, na kazi yangu ilikuwa imepata adui.

Adui mwenyewe ni mashine ya kuoshea vyombo. Usicheke, ipo. Kaka yake Mama Shirini, mke wa Bwana, anakaa Ulaya, naye ndiye aliyemletea dada yake zawadi hiyo kwa meli. Ni sanduku jeupe la bati gumu, linanifika kiunoni, lina magurudumu chini na mfuniko juu. Ndani mna vichanja vya waya vya kupangia sahani, na chini kabisa kuna chuma chenye mabawa kama feni. Unaunga mpira mmoja kwenye bomba, unatia sabuni yake ya unga, unafunga mfuniko, unawasha umeme. Mashine inavuta maji, inayapasha moto, na yale mabawa yanayarusha juu ya vyombo. Halafu inayatapika kwa mpira wa pili, inavuta maji mapya, inasuuza, inatapika tena. Basi. Kazi yangu yote ya asubuhi imekwisha, na mimi nimesimama tu na kitambaa mkononi.

Siku ile ile ilipofunguliwa, Bwana aliniita. Wewe humjui, ni mtu mpole, ana duka la vitambaa mjini na hajawahi kunitukana. Akaniambia, "Fideli, mashine hii ikishika kazi vizuri, jikoni sitahitaji watu wawili. Mzee Saidi anapika. Wewe itabidi utafute pengine. Nakwambia mapema ili usiseme nimekustukiza."

Niliumia, Otilia. Nilikwenda uani nikakaa kwenye kizingiti cha kile chumba, nikaangalia mahali nilipokuwa nimepanga kuweka kitanda chako. Lakini unanijua nilivyo. Nikikasirika silii, nakuwa mbishi. Nikasema moyoni, sanduku hili likitaka kunitoa litanitoa, lakini halitanitoa bila mimi kujua linavyofanya kazi.

Nikaanza kulisoma kama mtu anavyosoma tabia za mkwe. Siku za kwanza lilitutia aibu. Ile sabuni yake ilipokwisha, Mama Shirini akatia sabuni ya kufulia, na povu likatoka chini ya mfuniko, likashuka, likatambaa mpaka mlangoni. Mzee Saidi akapanda juu ya kiti na sufuria yake mkononi. "Mie nimeshasema," akasema, "jini halikai jikoni." Nikayaondoa mapovu yale kwa ndoo na fagio. Tukajaribu magadi ya kusaga, yanayokata mafuta bila povu, yakafaa.

Halafu sahani zikaanza kutoka na harufu. Nikatoa chujio la chini, nikakuta wali, machicha ya nazi, miiba ya samaki na kokwa za ndimu. Nikawa nalisafisha kila baada ya kuosha, na vyombo nikawa navikung'uta kabla ya kuvipanga. Nikafuta mpira unaozunguka mfuniko, kumbe mabaki yalijificha humo yakioza. Nikajifunza kuzielekeza sahani zote katikati ili maji yazipige usoni. Kila nilichotengeneza kilisaidia kidogo. Lakini vyombo bado vilikuwa na utelezi, na ukipitisha kidole kwenye glasi kilitoka na mafuta.

Aliyeona kuliko wote ni Bibi, mama yake Bwana. Huyo ndiye mwenye nyumba kweli, hata kama jina la mlangoni ni la mwanawe. Kwao mambo ya twahara, usafi wa dini, si mchezo. Chombo kikiwa na uchafu kinamiminiwa maji safi mpaka mwenyewe aridhike, ndipo kitumike kulia. Akauliza mezani, mbele ya wote, "Maji yaliyokwisha kupita kwenye mabaki ya chakula ndiyo yanarudi kwenye sahani yangu? Huko ni kuosha au ni kupaka?"

Bwana akamwambia, "Mama, maji ya kusuuza ni mapya. Imeandikwa kwenye kitabu chake."

"Kitabu hakili kwenye sahani hii," akasema Bibi.

Tangu hapo hakukaa tena mezani na wenziwe. Alikuwa na sahani yake na bakuli lake chumbani, akaniita mimi nivioshe kwa mkono mbele ya macho yake. Mama Shirini aliona anasemwa yeye na kaka yake, akanuna. Bwana akala kati ya viti viwili vitupu. Na mimi nilikuwa nabeba chakula huku na huku.

Hapo, mke wangu, ndipo bahati yangu ilipokaa, na Mzee Saidi aliiona kabla yangu. "We Fideli," aliniambia akimenya vitunguu, "sie tunaomba mvua, wewe umeshanyeshewa. Bibi akiikataa mashine, umebaki. Kaa kimya tu, ndugu yangu, usiiguse tena." Nikakubali kwamba kasema kweli.

Alhamisi Bibi akaja jikoni mwenyewe, ameshika kikopo cha manjano. Wewe hujapika sana na manjano, lakini akina mama wa Kihindi wanajua: doa la manjano likikutana na sabuni au magadi linageuka jekundu. Akaniambia nitie kijiko kizima pamoja na magadi, halafu nikinge maji ya mwisho yanayotoka. "Yakitoka meupe, mwanangu kasema kweli na mimi nitaomba radhi. Yakitoka na rangi, maji ya uchafu yamo ndani ya maji ya kusuuza." Niliona akili ya yule mama nikasikia haya, maana mimi nilikuwa nimelizunguka lile sanduku siku zote hizo bila kuwaza jambo rahisi namna ile.

Tukaliwasha. Maji ya kwanza yakatoka mekundu kabisa. Tukangoja. Ya kusuuza yakaja, nikayakinga kwenye bakuli jeupe. Yalikuwa na rangi ya waridi, Otilia. Si kidogo. Bibi alikuwa kasema kweli. Hakushangilia, aliliweka bakuli mezani, na Bwana alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka dukani, akaonyeshwa papo hapo. Bwana akatazama, akakaa, akasema, "Basi irudishwe kwenye kasha. Fideli ataosha."

Nilikuwa nimepona. Ningekuandikia jioni ile ile, njoo, chumba kipo.

Lakini nilipoinama kuliondoa lile sanduku, macho yangu yakaangukia ndoo. Lazima nikueleze ndoo. Maji ya bomba huku Chang'ombe yanakatika ovyo, kwa hiyo hakuna anayemwaga maji bure. Mama Shirini alikuwa ameagiza maji yanayotapikwa yakingwe kwenye ndoo, yamwagilie jasmini zake za barazani. Mpira ni mfupi, haufiki chini, basi ndoo ilikuwa inawekwa juu ya stuli na mpira unatumbukizwa ndani yake. Sasa, baada ya kukinga bakuli na kuurudisha mpira ndooni, nilikuwa naitazama ndoo ile imejaa, na mashine imekwisha kunyamaza, na maji kwenye ndoo yanapungua. Hakuna aliyechota. Ndoo haikuwa na tundu. Yalikuwa yanashuka polepole kupitia mpira, yanarudi ndani ya mashine.

Mashine haikuwa na kosa. Ilikuwa inatapika, na sisi tunaifanya imeze matapishi yake. Ndoo ilikuwa juu kuliko tumbo la mashine, na mdomo wa mpira ulikuwa umezama. Kila inapoacha kusukuma, uchafu unarudi kuungana na maji mapya.

Sikulala vizuri, na sitaki kukudanganya kwamba niliwaza mema tu. Niliwaza wewe. Niliwaza kwamba hakuna mtu mwingine aliyeiona ndoo ile ikipungua, na hakuna atakayeiona maisha. Asubuhi nikamwambia Mzee Saidi. Akaacha kupepea moto akanitazama. "Una akili timamu wewe? Ukiitengeneza unajifukuza mwenyewe." Nikamwambia najua.

Utaniuliza kwa nini. Bibi naye aliniuliza. Jibu langu si la mtakatifu. Siwezi kukijua kitu kilivyoharibika halafu nikipite kila siku nikijifanya sikijui. Kingenikaba. Na kila nikipeleka chakula chumbani kwa yule mama, anakula peke yake kwa sababu ya ndoo, ningejua ni mimi ninayemlisha peke yake.

Basi Ijumaa, walipotoka kuswali, nikawaomba wote waje jikoni. Nikauning'iniza mpira kwenye ukingo wa sinki, nikaufunga kwa waya ili mdomo wake usiguse maji. Manjano yale yale, magadi yale yale. Ya kwanza yakatoka mekundu. Ya kusuuza nikayakinga kwenye bakuli, nikampa Bibi bila kuyatazama. Akaenda nayo mlangoni penye mwanga. Yalikuwa meupe pe. Akachukua sahani moja mashineni, akaipitishia kidole, akaenda kukaa mezani, akasema, "Pakueni." Mama Shirini alimpakulia kwa mkono wake mwenyewe, na macho yake yalikuwa na machozi.

Bwana ni mtu wa neno lake. Jana aliniita, akanishukuru, kisha akasema mwisho wa mwezi nitafute pengine, na chumba cha uani kitakuwa stoo ya mitumba ya vitambaa. Sikubishana, alikuwa ameniambia mapema.

Aliyebishana ni Bibi. Alivaa baibui lake, yeye ambaye hatoki ila kwenda msibani, akaniambia nimfuate. Tukaenda kwa miguu mpaka kwenye karakana moja hapa hapa Chang'ombe, wanapotengeneza mafriji, pasi na majiko ya umeme. Mwenye karakana akakimbia kumletea kiti. Bibi akasema, "Huyu kijana angenyamaza angebaki na kazi. Alisema, akaipoteza. Nimemleta kwako uniambie kama una mtu wa namna hiyo." Yule fundi akanipima kwa macho, akauliza nimesoma wapi mambo ya umeme. Nikasema sikusoma, ila nitasoma. Akasema nianze kwa kufagia na kubeba, na kufungua vilivyokufa kabla ya kugusa vilivyo hai. Ananijaribu. Nisipofaa ataniondoa, kasema wazi.

Kwa hiyo jibu lako ndilo hili. Kile chumba cha uani hakipo tena. Nimepata kingine Mtoni, kwenye nyumba ya udongo ya mjane mmoja Mzaramo. Paa linavuja juu ya mlango, nitaliziba. Choo ni cha wote. Kazi si ya uhakika. Mtu mwenye busara angekuambia ungoje mpaka mambo yatulie. Mimi nimengoja yatulie tangu nilipofika huku, na hayajatulia hata siku moja. Teremkeni mpaka Ifakara na lori la mpunga, mto mkiuvuka asubuhi upepo haujaanza, na mkifika Kilosa pandeni treni. Mtoto mvalishe viatu, mchanga wa huku unaunguza.

Nisalimie mama yangu, mwambie asichume majani ya dawa peke yake na mguu ule. Baba mkwe mwambie baiskeli yake nitaitengeneza kweli safari hii. Dada yangu anayekusaidia kutwanga mwambie nimemkumbuka, na katekista mwambie misa ya huku ni ndefu kuliko yake. Bibi naye kaniuliza jina lako, nikamtajia, akalirudia mpaka akaliweza.

Shemeji, hapa ndipo pa kutokohoa. Otilia, njoo. Kama kazi hii itanishinda, inishinde wewe ukiwa hapa.

Mumeo, nitakayekuwa nimesimama stesheni,
Fidelis