Wageni wa Myanga na Mbuzi wa Baba

Gaborone,
Jumapili jioni.

Dada yangu Wangari,

Nakusalimu, na nataka kukuuliza hali kabla sijasema lolote lingine, maana nikianza na yaliyo moyoni nitasahau adabu. Goti lako limetulia? Unaipaka ile dawa niliyokuachia, au umeshaigawa kama kawaida yako? Mahindi mmemaliza kuyapalilia au mvua bado inawasumbua? Mimi mwili ni mzima. Huku baridi imeanza. Asubuhi nafundisha nikiwa na koti, na wanafunzi wamejifunika mablanketi mpaka puani, na mwalimu mkuu haoni ajabu yoyote.

Umenipigia simu mara nyingi na sijashika. Umemtuma kaka yetu Kariuki, naye akaniandikia kwamba unalia, unauliza ulinikosea nini hata nikaondoka nchini bila kurudi kijijini kwetu Kwanza kukuaga. Tena anauliza kama fundi aanze kujenga kile chumba changu, kwa sababu mkataba wangu wa kazi unaisha mwaka huu, na wewe umeshaliambia kanisa zima kwamba Muthoni anarudi mkae pamoja. Naandika barua kwa sababu kwenye simu ningepiga kelele, ungekata, kisha siku ya pili tungeongea habari za mvua. Kaa chini uisome mwenyewe. Usimpe Kariuki akusomee.

Nilikuja huko nyumbani kwa ajili ya mkutano wa sisi tuliosoma pamoja chuo kikuu. Ulinicheka, ati watu wazima mnashonesha fulana za rangi moja. Ulikuwa na haki ya kucheka. Jumamosi ile, pale hotelini Kitale, tulijaa ukumbi mzima, fulana za kijani zimetubana matumbo, na kila mmoja anaitwa asimame aeleze maisha yamemfikisha wapi. Dada, sijawahi kusikia uongo wenye adabu kama ule. Mmoja ambaye wote tunajua alifukuzwa kazi benki alisema siku hizi anatoa ushauri wa biashara. Yule aliyekuwa akiazima nguo zangu za Jumapili alisifu watoto wake wote, kisha akaninong'oneza mezani akiuliza kama huku Botswana wanahitaji walimu, kwa sababu mkubwa wake amemaliza masomo na amekaa tu. Na mimi nilisimama nikasema Mungu amekuwa mwema, niko vizuri, sina la kulalamika. Waliokufa tuliwasimamia kimya kidogo, halafu mwenye kipaza sauti akatutangazia kwamba chakula kiko tayari.

Wekesa alikuwepo. Najua hapo umesita kusoma. Ni mkuu wa shule upande wa Bumula, ana mvi, ana mke anayeitwa Nasimiyu, ana kitambi cha watu waliotulia. Tulipeana mikono kama watu wanaokutana ofisini. Salamu hiyo nilikuwa nimejiandaa nayo kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, na ilipokuja haikuwa chochote.

Wewe unajua vizuri kuliko mtu yeyote. Mwaka tuliomaliza chuo, Wekesa aliniahidi kwamba wazee wake wangekuja kwetu kuniposa, na wa kwanza kumwambia ulikuwa wewe, hata kabla ya Mama. Nikangoja. Mahindi yakapandwa, yakapaliliwa, yakavunwa, hakuja mtu. Sikumuuliza, maana msichana wa kwetu hamfuati mwanamume kumuuliza mbona hajaja kumposa. Nikameza. Kazi ya huku ilipopatikana nikaichukua haraka, na nyote mkadhani napenda kusafiri.

Sasa sikiliza. Kundi letu lina desturi kwamba siku ya pili ya mkutano tunakula nyumbani kwa mmoja wetu, na safari hii ilikuwa zamu ya Wekesa. Kwa hiyo Jumapili tulitoka Kitale tukashuka hadi Myanga, nyumbani kwao. Nasimiyu alitupokea vizuri sana, sitamsema vibaya. Kila meza iliwekewa kuku, na ugali wa wimbi, na mboga ya kienyeji iliyotiwa maziwa. Kisha akasimama baba mdogo wa Wekesa, Mzee Situma, aliyekuwa karani wa ushirika zamani, mtu wa maneno mengi, atukaribishe.

"Kwa hii boma mgeni hatoki bila kuku," akasema. "Mimi nirifunzwa hiyo na watu wa kule Kwanza, karibu na Kitale. Huyu kijana wenu hapa," akamwonyesha Wekesa na mvi zake, "turienda kumposea msichana huko. Watu wa kutoka Central, wako na shamba kubwa. Tukavaa makoti. Turifika, tukapewa chai, tukaombewa. Na kuku ziko hapo nje zinatembea, kubwa kubwa, naziona na macho yangu. Nikajua mambo iko sawa. Chakula kuja, ni mbuzi. Mbuzi, na viazi imepondwa pamoja na mahindi. Kuku hakuna."

Akangoja tucheke. Tukacheka, hata mimi nilicheka, kwa sababu nilikuwa bado sijaelewa.

"Sasa wewe niambie," akaendelea. "Mtu ako na kuku kwa boma na anakuwekea mbuzi, si amekuambia uende kwenu? Nikaambia wenzangu, tuonje kidogo kwa heshima, turudi. Maneno ya msichana hatukutoa. Hata jina hatukutaja."

"Bana, mzee, mlikataliwa kwa sahani," mmoja wa wenzangu akapaza sauti, na boma zima likaangua kicheko. Wekesa peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia meza.

Dada, hapo nikaelewa kwamba boma hilo lilikuwa letu. Nikamwona Baba akilini akimchagua yule mbuzi, maana namjua, lazima alichagua dume nono kuliko wote. Kwetu kuku ni wa kumpikia mtoto akiugua. Kumchinjia kuku mtu aliyekuja kuomba binti yako, Baba angeona amejiaibisha na amewaaibisha wageni. Kumbe wenzake kule upande wa pili wa meza walikuwa wanangoja kuku ndipo wafungue mdomo. Na Baba naye alikuwa anangoja wafungue mdomo, kwa sababu kwetu mwenye nyumba hamuulizi mgeni umekuja kumtaka nani. Basi wakakaa pale, wazee wazima wenye heshima zao, wanaangaliana, hadi nyama ikapoa. Nafikiri baada ya hapo Baba na Mama waliona wageni wamekuja, wameiangalia nyumba yao wakaidharau, na wakanificha jambo hilo ili nisiumie. Nimewakasirikia, lakini wamelala kaburini na hawawezi kujibu, na hasira yangu juu yao naweza kuibeba.

Ile ya juu yako ndiyo siwezi.

Nilitoka nje kunawa mikono penye tangi la maji. Wekesa akanifuata. Aliniomba msamaha kwanza, akasema hakujua mzee angetoa hadithi hiyo mbele yangu, na kwamba mzee hajui kuwa msichana mwenyewe ni mimi.

"Na wewe ulikuwa nao siku hiyo?" nikamuuliza.

"Nilikuwa," akasema. "Muthoni, mimi sikujali mambo ya kuku. Hiyo ni maneno ya wazee, ningeongea na wao wangerudi. Walipoinuka mimi nikazunguka huko jikoni. Nikapata dada yako anaosha sufuria. Nikamuuliza, Muthoni ako wapi, niongee na yeye kidogo tu. Akaniambia umeenda Nakuru kwa watu wa kijana mwingine. Ati mmeshakubaliana. Akaniambia, kama unampenda, usimharibie."

Dada yangu mkubwa. Uliyeniosha uso nikienda shule.

Nimekutafutia kila kisingizio ambacho mtu anaweza kutafutiwa. Nimesema ulikuwa mkubwa na hujaolewa, na Mama hakutaka mdogo akutangulie, na wanawake wa kanisa walikuwa wanakuuliza kila Jumapili utatupikia lini chakula cha harusi. Nimesema pengine uliogopa kubaki peke yako na wazee katika ile nyumba. Na kweli ulibaki. Ulimwogesha Mama mpaka siku yake ya mwisho wakati mimi natuma salamu kutoka huku. Hilo sijalisahau na sitalisahau. Lakini si ungeniambia? Ungeniambia mwaka uliofuata, hasira zangu zingali changa. Ungeniambia nilipokupigia nikilia, ndoa yangu ya huku ilipovunjika, nikakuambia labda nina mkosi kwa sababu hata yule wa kwanza aliniacha. Unakumbuka ulinijibu nini? Ulisema wanaume ndivyo walivyo, nimwachie Mungu.

Sisemi Wekesa angenifaa. Nilimwona pale mezani akimwitisha mke wake chumvi bila hata kumwangalia, na nikajiambia, Muthoni, sauti hiyo ingekuwa yako kila siku. Pengine tungegombana tukaachana. Lakini hiyo ingekuwa shida yangu mwenyewe, niliyoichagua mimi. Wewe ulinichagulia nyingine na hukuniambia.

Kutoka Myanga nililala Bungoma mjini, kesho yake nikatafuta ndege. Singeweza kurudi kukaa kwenye meza yako. Nguo nilizoacha chumbani mpe mke wa Kariuki, zitamtosha akipunguza mikono. Msalimie sana, naye Kariuki mwenyewe umsalimie, umwambie sina kinyongo naye, yeye siku ile alikuwa shule ya bweni na hajui lolote. Wasalimie watoto wake, hasa yule msichana wa mwisho aliyenisomea Zaburi bila kukosea. Msalimie shangazi yetu wa Kitale, mwambie macho yake aende akapimwe asingoje nimpeleke mimi. Na mchungaji, umwambie asitangaze tena habari za kurudi kwangu.

Nilitaka kufunga hapo. Lakini lipo jambo moja ambalo hakuna mtu analijua isipokuwa mimi, na ndilo linalonifanya nisilale vizuri, kuliko hata uongo wako.

Siku ile unajua nilikuwa wapi. Ulinituma Kitale na nguo yako ya kitenge, ati fundi abadilishe vifungo, ati nisirudi bila hiyo nguo hata akichelewa. Nikakaa kwenye benchi lake siku nzima. Niliporudi jioni ulikuwa umeniwekea nyama kwenye bakuli, ukasema walikuja wageni wa Baba, watu wa kanisa. Nilikuwa na njaa. Nilikula nyama ya wageni wangu mwenyewe nikakuomba uniongeze, na Baba akaniangalia, akainuka, akatoka nje. Wewe uliniongeza.

Basi pale penye tangi la maji Wekesa aliniuliza. Alisema swali hilo amekaa nalo miaka yote, na sasa kwa kuwa sote tumezeeka anaomba nimjibu tu, hana neno. "Ulikuwa Nakuru kweli?"

Dada, ukweli ulikuwa mdomoni. Nilitaka ajue kwamba sikumwacha. Ni yeye peke yake duniani niliyetaka ajue. Lakini nilimwona Nasimiyu anakuja na taulo, na nikakuona wewe, na goti lako, na ile sauti yako ya kuongoza wimbo kanisani. Nikafikiri jinsi hadithi yako ingesimuliwa pale Myanga mbele ya wageni kila mwaka, watu wakicheka. Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia nilikuwa Nakuru.

Akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Sawa. Basi dada yako aliniambia ukweli. Mimi nimemlaani bure siku hizi zote. Ukienda nyumbani unisalimie yeye."

Ndizo salamu zake hizo, nimezifikisha.

Mwambie fundi asianze.

Mdogo wako,
Muthoni.