Kadi ya Mwende

Jumapili jioni, Julai. Baridi na mawingu. Huku Pipeline majengo yamebanana, jua halifiki madirishani hata siku zenye jua, basi leo taa ya sebuleni imewaka tangu asubuhi, na nguo nilizofua jana bado mbichi kwenye kamba.

Nina wivu.

Nimeliandika hilo mapema ili nisijidanganye huko mbele. Namwonea wivu Mwende, rafiki yangu tangu tukiwa wasichana wa jengo hili hili. Tuliondoka pamoja kwenda Polandi kufungasha uyoga kiwandani. Tulilala chumba kimoja, na vibali vyetu vya kazi vilipokaribia kuisha, tuliomba vipya pamoja.

Kisha Mama akatakiwa kufanyiwa upasuaji wa tezi shingoni. Nikakata tiketi. Kibali kipya kilikuwa bado, ila pasipoti yangu ilikuwa imegongwa muhuri wa kuonyesha kwamba ombi langu linashughulikiwa, na mimi kwangu muhuri ni muhuri. Mwende alinishika mkono nikifunga begi.

"Neki, hiyo stampu ni ya kukaa, si ya kurudi. Ukitoka umetoka, msichana."

Nikajua tu ana wivu. Mimi naenda kumwona mama yangu, yeye anabaki na uyoga.

Haya. Mama amepona. Amebaki na kovu jembamba analolificha kwa shanga. Mimi nimebaki hapa, kwa sababu muhuri ule kweli haumrudishi mtu. Natakiwa nianze na viza upya, na kila asubuhi nikifungua tovuti ya miadi ya ubalozi naambiwa hakuna nafasi. Kiwandani wamesema watanisubiri, lakini si milele.

Leo jumuiya ilikuwa kwa Mama Mwende, ghorofa ya chini yetu. Kila Jumapili akina mama wa jumuiya yetu husali nyumbani kwa mmoja wao, na mwenye nyumba ndiye hutangulia kutoa nia, yaani ombi au shukrani yake. Nia ya Mama Mwende ilikuwa shukrani. Kadi ya Mwende, kile kibali kipya tulichoomba pamoja, imetoka. Vigelegele vilisikika mpaka kwa muuza maji kule chini.

Chai ilikuwa ya maziwa matupu. Niliinywa kwa kisirani, vikombe viwili.

Halafu wakampigia Mwende kwa video, simu ikazungushwa mkono kwa mkono ili kila mmoja aione kadi. Ilipofika kwangu nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

"Niaje, Neki! Usijali, ile bed yako ya dirishani nimekushikia tu. Siku hizi mimi ndiye nasimamia laini yetu ya kufungasha, si unajua? Ukirudi nakuweka poa."

Kunishikia! Kitanda nilichokipigania mimi, majira ya baridi mazima, kwa sababu mwanga unaingia. Na kusimamia laini ndiyo kazi niliyoahidiwa mimi. Nilitamani mtandao ukatike. Nilitamani hata kadi ile iwe na kosa la jina, na niliwaza hayo nikiwa nimeshika rozari.

Zikaja nia za wengine. Kila mmoja akisema ombi lake, tunaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Mama Mwende hakunisahau. Alisema, "Na Nekesa naye afunguliwe njia, arudi kazini kwake." Nikaitikia kwa sauti kuliko wote.

Zamu ya Mama ikafika. Akawaombea wagonjwa. Akawaombea wenzake anaonunua nao vichwa vya mbuzi vya supu sokoni Kiamaiko, akamwombea keateka anayetunza jengo letu ili arekebishe bomba. Akamwombea hata Mwende, Mungu azidi kumwinua. Nikangoja jina langu. Nikasikia "Amina."

Hapo wivu ukahama kutoka kwenye kadi ukaenda kwa mama wa watu. Mwende ana mama wa kumpigania mbele ya watu wote. Wangu amekumbuka bomba.

Tulipanda ngazi, Mama mbele. Ndani, alikaa kwenye stuli akaanza kukata sukuma wiki. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama, mbona mimi hukuniombea?"

"Nilikuombea."

"Sikusikia."

"Sikuwa naongea na wewe."

Nikamuuliza aliomba nini. Kisu kikasimama. Akagusa shanga zake shingoni, akasema bila kuniangalia, "Nilimwambia Mungu asiwe na haraka ya kukufungulia hiyo njia."

Nikatoka kwenye korido nikajifanya naangalia nguo kama zimekauka. Nilikuwa na hasira naye, nusura nirudi nimwambie kwamba ananiharibia maisha. Lakini pia nilikumbuka Mama Mwende alivyokuwa anafuta kioo cha simu kwa kanga baada ya Mwende kukata, akakifuta tena, na kilikuwa kisafi tangu mwanzo. Sijui kama nilichomwonea Mwende wivu leo ndicho hicho ninachokitaka.

Wivu haujaisha, lakini. Kile kitanda ni changu.

Kesho nitafungua tovuti kama kawaida, na nikikuta nafasi nitaichukua. Mimi na Mama tunamwomba Mungu huyo huyo, yeye jikoni, mimi huku kwenye simu. Sasa atamsikiliza nani kati yetu?

Na akinisikiliza mimi, nitamwambiaje Mama?