Bluu Nyembamba ya Juni

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Kifua bado kinakusumbua? Mimi mzima, mikono tu inanuka dawa.

Nimepewa kazi ya kusafisha lile shimo la kiwandani kwenu mlilokuwa mkimwagia maji machafu ya chumba cha kupulizia rangi. Siku hizi tunayatia dawa, rangi inagandamana na kutua chini, maji yanatoka maangavu. Lakini ukutani mwa shimo rangi zenu zimeganda tabaka juu ya tabaka, nene kama kiganja. Nilisimama kama mjinga. Nikakumbuka mtaro wa nyuma ya nyumba, uliopitisha maji ya kiwanda: ukigeuka kijani tunamkimbilia Mama, "Leo Baba anarudi kijani!" Na kweli, unarudi na kijani masikioni.

Mwaka aliofariki Mama ulikuwa wa rangi gani?

Bintiyo

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua ni kilekile, tumeshazoeana.

Tafuta bluu nyembamba kati ya njano mbili. Ni ya Juni. Ilikuwa kazi ya wiki tatu. Siku ya pili nikaitwa hospitali. Niliporudi kutoka mazikoni walishahamia njano.

Nikatie kipande, cha kutosha mfukoni tu.

Baba yako

6 Aprili

Baba,

Shikamoo. Umelala vizuri siku hizi?

Bluu nimeiona, nyembamba kama ukucha. Nilikata kipande, nikakifunga kwenye leso, nikafika nacho hadi getini. Miguu ikagoma. Rangi za zamani zina madini ya risasi, Baba, sumu inayoingia mwilini ikakaa. Na fomu inayosema hakitatoka kitu shimoni niliisaini mimi. Nikarudi, nikakitia kwenye pipa pamoja na vingine. Mapipa yalichukuliwa jana. Nililia, fundi wa pampu akadhani dawa imeniingia machoni.

Nisamehe.

Bintiyo

2 Mei

Baba,

Shikamoo. Kimya hiki ni kifua au ni hasira?

Bintiyo

11 Juni

Mwanangu,

Marahaba, ya barua zote mbili. Ilikuwa hasira. Niliimung'unya kama peremende mpaka ikaisha.

Kisha nikakumbuka jinsi mama yako alivyokuwa akiwafukuza mtaroni na mwiko mkononi, msitie miguu. Mimi namcheka: "Waache wacheze, rangi haing'ati." Yeye hacheki. Juzi nikaisoma tena barua yako ya pipa. Ni yeye mtupu, hata ule ukali wake.

Jumamosi nakuja. Shimo usinionyeshe. Nipeleke pale yale maji maangavu yanapotokea. Ukiniruhusu, nitatia miguu.

Baba yako