Namba za Bisimwa

Jumatatu, 9 Septemba 2024
Asilimia ishirini na sita na nusu! Mwezi Mei seli zilezile za umeme wa jua, juani palepale, zilitupa ishirini na nne. Seli ya silikoni huchakaa kidogo kidogo. Hainenepi kama ng'ombe aliyehamishiwa majani mapya. Bisimwa ndiye anayepima, Bisimwa ndiye anayeandika, na Bisimwa ndiye mwenye kutetea thèse yake ya udaktari Desemba. Bado sisemi kitu.

Jumatano, 11 Septemba
Nimepanda juu ya paa saa sita bila kumwambia. Anaandika kwa penseli. Kwa nini penseli? Eti wino wa bic unakauka juani. Nikamuuliza mbona namba zinapanda tu.
– Miye pia sijui, Maman Prof. Naandika ile mashine inaonyesha.
Halafu akatabasamu. Sikupenda tabasamu lile.

Ijumaa, 13 Septemba
Carmel, sekretari wetu, kaniambia Bisimwa aliomba funguo za labo Jumapili, baada ya misa. Peke yake. Basi, lisemwalo lipo. Nimemwandikia doyen, mkuu wa kitivo chetu, kwamba namba zimepikwa, nikatia sahihi. Nimejisikia mwepesi, na hilo limenitia aibu kidogo.

Jumatatu, 16 Septemba
Doyen amemsimamisha. Thèse imesimama pia. Hakubishana. Kanipa daftari lake kwa mikono miwili: Maman, upime mwenyewe. Angefoka ningelala vizuri zaidi.

Jumanne, 17 Septemba
Nimepima mwenyewe. Ishirini na sita nukta saba. Nimerudia. Ileile.

Nikafungua daftari, ukurasa wa ile Jumapili: "Nimesafisha vioo vyote. Namba bado inapanda. Nimuulize Prof."

Ikabaki seli ndogo ya kipimo, ile inayotuambia jua lina nguvu kiasi gani. Ikilipunja jua, seli zetu zinaonekana hodari. Nimeifuta. Unjano haukutoka. Ukucha ukanasa pembeni. Nailoni! Ile nailoni ya kiwandani, imeungua kwa jua la mwaka mzima. Siku tulipoitoa kwenye karatoni Bisimwa alitaka kuibandua. Ni mimi niliyemkataza. Acha, itachubuka. Kwangu Muhumba hata friji bado ina yake, na ina miaka minne.

Nimeibandua. Nimepima. Ishirini na tatu nukta tisa.

Mungu wangu, nimemchafua mutoto wa watu.

Saa nane doyen kapiga simu. Komisyo ya nidhamu inakaa kesho asubuhi, nilete ushahidi. Nimeitika ndiyo. Nikakata simu kabla ya kutaja nailoni.

Naandika haya labo, mlango nimeufunga. Bisimwa amefika, namsikia koridoni akimuuliza Carmel kama nimeshapima. Carmel anasema niko ndani tangu asubuhi. Nailoni nimeitia kwenye mkoba, chini kabisa, chini ya rozari. Sijui kwa nini nimeificha.

Anabisha. Maman Prof, uko?

Bado naandika.